Darubini ya Kutazamia Ndege: Nambari Kubwa Isikupumbaze

Mtu anayenunua darubini ya macho mawili kwa mara ya kwanza huvutwa na nambari. Akiambiwa hii hukuza mara 20 na ile mara 8, mkono huikimbilia ya 20. Hivyo ndivyo akiba ya miezi inavyopotea, na watoto waliotarajia kuona ndege huambulia kivuli kinachotetemeka. Maana darubini hukuza kila kitu, hata mtikisiko wa mkono. Kwa kushika mkononi, mara 10 ndio mwisho.

Nambari zilizoandikwa juu yake, tuseme 8x42, ni mbili. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na hiyo ndiyo wengi huipuuza. Gawa 42 kwa 8, utapata milimita 5 na kitu: upana wa nuru inayolifikia jicho. Darubini ya mfukoni ya 10x25 hutoa 2.5 tu. Pale Forodhani wakati wa adhuhuri hutaiona tofauti. Lakini ingia msitu wa Jozani kumtafuta kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake, na chini ya kivuli kile nuru ndogo itakuonyesha weusi mtupu.

Chwaka ni kwingine. Maji yakipwa, sululu na vitwitwi waliotoka kaskazini huchokora matope mbali sana, na hapo 10x42 hufaa. Hata hivyo, familia yenye uwezo wa kununua moja tu na ichukue 8x42. Au 8x32, iliyo nyepesi kwa shingo ya mtoto.

Apendaye vipepeo, kama wale wa Pete, aulize jambo jingine: darubini huona wazi kuanzia umbali gani? Nyingine hazioni kitu kilicho karibu kuliko mita 5. Jaribu hapo hapo dukani, ndugu msomaji: simama wima, utazame kamba za viatu vyako. Zikionekana wazi, kipepeo ataonekana.

Chagua iliyozibwa isipenye maji, kwani unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi. Na watoto waonywe wasilielekeze kamwe kwenye jua. Jicho huungua mara moja. Mazoezi yaanzie darini, kwa kunguru wa Mji Mkongwe, ambao wazee wao waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Hao hawana haya, watasubiri mpaka uwaone vizuri.