KUFUNDISHA WATOTO NYUMBANI: KILA NYUMBA NA NJIA YAKE

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hapa Nakivale tunataka tuongee juu ya kazi inayofanyika katika nyumba nyingi za Base Camp, Rubondo na Juru, lakini hakuna anayeitangaza. Ni kazi ya kufundisha watoto nyumbani.

Tukiitaja, wazazi wengine wanacheka. Mmoja anasema, "Mimi nilisoma Kifaransa, huku ni Kiingereza, nitamfundisha nini?" Mwingine anasema, "Mwalimu, mimi hata jina langu siwezi kuliandika." Lakini tukipita nyumba kwa nyumba kuulizia watoto wasiokuja shuleni, tunakuta kumbe watu wanafundisha, tena wengi, na kila mmoja kwa namna yake. Tumeona ni vizuri tuwaeleze namna hizo, ili kila mzazi achague ile inayomfaa.

KWA NINI TUNALIONGEA

Mfikirie mtoto wa miaka 12 aliyefika kutoka Fizi, Uvira, Masisi au Rutshuru. Kwao alikuwa amefika mwaka wa tano wa shule ya msingi. Hapa anapimwa kwa Kiingereza, hajui, basi anawekwa P2 au P3. Hesabu pengine anazijua kuliko wenzake wote, lakini swali limeandikwa kwa lugha asiyoielewa. Anakaa na watoto wa miaka 8, magoti yanagonga dawati, wenzake wanamwita "mzee". Muhula mmoja ukiisha anamwambia mama yake, "Mimi sirudi tena."

Huyo asiporudi, tunajua anakoenda. Mvulana anakwenda kufyatua matofali au kulima mashamba ya watu. Msichana anabaki jikoni, na kabla hamjajua ameshaolewa. Hilo ndilo linalotuogopesha. Darasa lenye watoto wengi kupita kiasi haliwezi kumshika mtoto kama huyo peke yake. Nyumba inaweza.

Wako pia wanaobaki nyumbani kwa sababu ya pesa. Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila karo mwaka 1997, lakini kila mzazi anajua kuwa kaye, biki, sare na michango mingine bado vinadai mfuko.

Na tusisahau wakati wa korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa yote yakafunguliwa Januari 2022. Katikati hapo madarasa ya mitihani yaliitwa, yakarudi nyumbani tena. Karibu miaka miwili! Serikali ilitoa vitabu vya kujisomea na masomo ya redio, lakini kitabu hakikufika kila mlango, na redio inataka mawe. Watoto waliporudi, sisi tuliwaona kwa macho yetu. Waliokuwa bado wanasoma vizuri hawakuwa wote watoto wa wazazi waliosoma sana. Wengi wao walitoka katika nyumba zilizokuwa na saa ya kaye kila siku.

NJIA TULIZOZIONA

1. Nyumba yenye ubao. Wako wazazi waliokuwa walimu huko kwetu. Papa mmoja amelainisha ukuta wa ndani kwa udongo, akaupaka unga wa makaa mpaka ukawa mweusi. Kila jioni anaandika sentensi 3 na hesabu 5, watoto wanakaa kwenye mkeka kama darasani. Njia hii ni nzuri kwa mzazi mwenye elimu na uvumilivu. Ila tunaomba: msipake ubao kwa unga wa ndani ya mawe ya redio. Una sumu, na watoto wanagusa ubao kisha wanakula.

2. Nyumba ya mama asiyejua kusoma. Hii ndiyo iliyotushangaza zaidi. Mama anauza nyanya na sombe. Jioni, wakati maharage yako jikoni, anamwambia binti yake, "Nisomee ulichoandika leo." Binti anasoma kwa sauti. Mama hajui kama amekosea neno, lakini anasikia akisitasita, anamwambia, "Hapo rudia." Kisha anamuuliza, "Maana yake nini?" Binti lazima aeleze kwa Kiswahili. Asiyeelewa hawezi kueleza, basi kesho anakwenda kumuuliza mwalimu. Na hesabu wanafanya kwenye meza ya nyanya: nyanya 3 ni shilingi 500, mteja anataka 12, ametoa noti ya 5,000, arudishiwe ngapi? Mtoto wa miaka 8 anajibu 3,000 kabla hujamaliza kuuliza.

3. Nyumba zinazoungana. Familia 4 au 5 za jirani zimepatana. Fundi cherehani anafundisha kupima na kugawanya. Kijana wa P7 anafundisha Kiingereza. Mama mmoja aliyefika sekondari huko Bukavu anafundisha Kifaransa, kwa sababu wapo wanaotumaini kurudi na hawataki watoto waisahau lugha ya shule ya kwao. Hakuna anayelipwa. Wanabadilishana: leo watoto wako kwako, kesho wako kwangu, na yule mwingine anapata nafasi ya kwenda shamba.

4. Nyumba ya hadithi. Babu na bibi wengi wanafundisha bila kujua. Jioni wanatega vitendawili, wanasimulia hadithi za sungura na fisi, wanataja majina ya mababu, mito na vilima vya kwetu. Msiseme huo ni mchezo tu. Mtoto anayeweza kufuata hadithi ndefu na kuisimulia upya amejifunza kusikiliza, kukumbuka na kupanga maneno. Hayo hayo ndiyo atakayotakiwa kufanya kwenye mtihani. Kilichobaki ni kumwambia kesho yake, "Ile hadithi ya babu, iandike kwenye kaye."

5. Nyumba ya kukariri. Kwa majirani zetu Wasomali watoto wanajifunza Kurani kwenye ubao wa mti. Wanaandika, wanasoma kwa sauti mpaka inaingia kichwani, wanaosha ubao, wanaandika tena. Ubao mmoja unatumika miaka. Wazazi wetu wengine wameiga hapo: wamempa mtoto kipande cha mbao na kaa la moto lililozimika, anaandika jedwali la kuzidisha, anafuta, anaandika tena. Kaye inabaki kwa kazi ya shuleni.

Sasa njia ipi ni bora? Wazazi wanatuuliza hivyo kila siku. Jibu letu ni hili: zote zinafaulu kwa sababu moja. Katika nyumba hizo zote, mtoto ndiye anayefanya kazi. Yeye ndiye anayesoma, anayehesabu, anayesimulia. Tena inafanyika kila siku, hata kama ni nusu saa tu. Nyumba ambayo papa anahubiri saa 3 siku ya Jumapili, mtoto amekaa kimya, kisha wiki nzima hakuna kitu, hapo hatuoni matunda.

TUFUNDISHE KWA LUGHA GANI?

Hapa ndipo wazazi wanapobishana sana. Wengine wamekataza Kiswahili nyumbani, eti mtoto ashike Kiingereza haraka. Sisi tunaona si lazima. Kujua kusoma ni kujua kwamba alama hizi ni sauti. Mtoto akiijua siri hiyo kwa lugha anayoiongea, anaipeleka kwenye lugha nyingine. Kiswahili kinasaidia sana hapo, kwa sababu kinaandikwa jinsi kinavyotamkwa. Anza na a, e, i, o, u. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Kisha ma, me, mi, mo, mu. Siku moja mtoto ataunganisha "ma" na "ma" na kuona ameandika mama. Hapo hutamzuia tena.

Ila mzazi ajue kitu kimoja. Shuleni herufi zinaitwa kwa Kiingereza. Ile "a" yetu wanaiita "ei", "e" wanaiita "i", na "i" wanaiita "ai". Mtoto akiambiwa na mwalimu "andika i" anaweza kuchanganyikiwa, maana nyumbani hiyo ni herufi nyingine. Usimkasirikie. Mwambie, "Herufi ni ileile, ina majina mawili, la nyumbani na la shuleni." Watoto wanaelewa upesi, kama wanavyoelewa kwamba jirani anaitwa Mama Furaha nyumbani na jina lingine kwenye kadi ya chakula.

Na Kiswahili chenyewe sasa kina heshima yake. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mwaka huohuo Kongo yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi tusiwafanye watoto waone aibu kwa lugha ya mama zao.

HESABU ZA KWETU NA ZA HUKU

Tumeona watoto wakilia kwa jambo dogo. Papa amemfundisha kugawanya kama alivyofundishwa Kongo: 84 upande wa kushoto, 4 upande wa kulia, jibu chini ya 4. Shuleni 4 inakaa kushoto, 84 ndani, jibu juu. Mtoto anadhani papa yake hajui. Papa anadhani mwalimu hajui. Wote wanajua, jibu ni 21 kotekote. Vilevile kwetu tunaandika 2,5 na huku wanaandika 2.5. Mzazi, fungua kaye ya mtoto kwanza uone mwalimu anaandikaje, kisha mfundishe kwa njia hiyo.

Alama za mtihani wa P7 nazo zinachanganya. Masomo ni 4: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kwetu tunahesabu asilimia, namba kubwa ndiyo nzuri. Hapa kila somo linapewa namba kuanzia 1 mpaka 9, na 1 ndiyo bora. Ukijumlisha masomo yote, 4 ndiyo bora kupita zote na 36 ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo mtoto akileta 10, usichukue fimbo, tafuta kuku! Na mkumbuke, mtihani huo unafanywa na mtoto aliyesajiliwa kwenye shule yenye kituo cha mtihani. Masomo ya nyumbani yanasaidia shule, hayachukui nafasi yake. Msiwatoe watoto shuleni kwa sababu mmesoma makala hii.

MAMBO YA KUEPUKA

Kwanza, fimbo. Mtoto anayeogopa hasomi, anakisia. Akikosea, mwambie ajaribu tena.

Pili, msiwafundishe wavulana wakati wasichana wako kisimani. Tumeingia nyumba nyingi jioni tukakuta kaka ana kaye na dada ana kidumu. Pangeni zamu ya maji. Kama kaka anachota leo, kesho dada anachota, na wote wawili wanasoma.

Tatu, msilinganishe watoto. Maneno "mwenzako wa miaka 8 anajua" ndiyo yanayomtoa shuleni yule wa miaka 12 tuliyemtaja. Huyo mwambie hivi: "Hukurudishwa kwa sababu wewe ni mjinga. Umerudishwa kwa sababu ya lugha, na lugha inajifunzwa." Kisha mpe kazi ya kuwafundisha hesabu wadogo zake. Akiona kuna anachokijua kuliko wengine, kichwa kinanyooka.

TUANZE VIPI?

Mzazi ambaye hajaanza, anza wiki hii. Chagua saa moja isiyobadilika, kabla giza halijaingia ili msitumie mafuta ya koroboi. Dakika 10 mtoto asome kwa sauti. Dakika 10 afanye hesabu. Dakika 10 akusimulie alichojifunza, kwa lugha mnayoelewana. Basi. Mzazi asiyesoma anaweza kuyafanya yote matatu, kwa sababu kazi yake ni kukaa hapo na kusikiliza.

Mkikwama, njooni shuleni baada ya masomo, sisi tupo. Walio na mtoto mkubwa aliyeacha shule kwa aibu ya kuwekwa darasa la chini, njooni naye, hata kama ameacha mwaka mzima. Tutamtafutia mwenzake wa umri wake waje pamoja. Wawili wakiingia darasani pamoja, hakuna anayecheka sana.

Tunawatakia mwezi mwema na masomo mema. Mkono mmoja haulei mwana.

Walimu wenu wa kujitolea