Fundi wa Nje na Kanzu za Idd

Mama anayeshona nguo nyumbani kwake, Magomeni au Temeke, mara nyingi hafanyi kazi yote peke yake. Kanzu huikata na kuishona mwenyewe, lakini darizi ya shingo hupelekwa kwa fundi wa nje, ambaye naye amekwisha pokea kazi za watu wengine. Siku zikikaribia, fundi huyo hapokei simu. Akipatikana, nguo haijaguswa. Mteja hamjui fundi huyo. Anamjua yule aliyempima na kupokea arubuni yake.

Hapana budi mapatano yaandikwe. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai mapatano ya mdomo. Ugumu ni kuyathibitisha. Karatasi moja ya daftari yatosha: idadi ya nguo, bei ya kila moja, siku ya kurejesha, na sahihi mbili. Idd el Fitr hungoja mwezi uandame, kwa hiyo mfungo wa Ramadhani uhesabiwe siku 29, si 30, kisha ziondolewe siku nne za kurekebisha makosa. Fundi mgeni apewe kanzu mbili kwanza, si kumi.

Hata hivyo, fundi wa nje naye ana lake la kusema. Hufika kuchukua ujira akaambiwa mama yuko sokoni, arudi kesho. Meza ya kukatia ina vikombe vya chai. Nyumba isiyo na saa za kazi itamdaije yeye saa?

Kazi ikichelewa, mteja aarifiwe angali na muda wa kununua kanzu dukani, na arubuni yake irudishwe siku hiyo hiyo.