Nyumba Yajengwa Kayole, Mwenyewe Yuko Mombasa

Anayejenga akiwa mbali huomba apigiwe picha za kuta, kwa kuwa kuta ndizo zipendezazo. Lakini nyumba ya Kayole huamuliwa chini ya ardhi, kabla jiwe la kwanza halijapangwa.

Sisi wa Mombasa tumezoea mwamba wa matumbawe, fundi achimbapo kidogo akagonga kigumu. Huko Eastlands ya Nairobi sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua za masika zikiunywesha huvimba. Kiangazi hunywea ukapasuka. Msingi uliowekwa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao, na kuta hufuata kwa nyufa. Dawa ni kuuondoa udongo huo mpaka ardhi ngumu ifikiwe, kisha pajazwe kifusi kigumu kilichoshindiliwa barabara. Ni kazi ya gharama, tena ndiyo nyepesi kurukwa, maana baada ya siku chache haionekani tena.

Basi picha ya kwanza ya kudai ni ya shimo tupu, na futi ya kupimia imesimamishwa ndani. Ya pili ni ya nondo kabla zege halijamwagwa. Kila kinachokaribia kufunikwa kionwe kwanza, hata mabomba. Zege likishamwagwa, hunyweshwa maji kwa muda wa siku 7 hivi. Simu ya video ya jioni itakuonyesha kama sakafu imelowa au imekauka kwa jua.

Akina mama wengi huona haya. Msimamizi ni kaka au shemeji, na kumdai risiti ni kama kumwita mwizi. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na miongoni mwa sababu zitajwazo humo ni kuepusha shaka. Mwambie kaka yako tangu siku ya kwanza, kwa upole: kila mfuko wa saruji, kila lori la mchanga na kila fundi aliyelipwa, viandikwe daftarini. Fedha nazo zitumwe kwa hatua, si kwa mkupuo.

Kuhusu karatasi, omba nakala ya ramani iliyoidhinishwa na Kaunti ya Nairobi, na uthibitisho kuwa mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Si urasimu mtupu. Huruma, mtaa mwingine wa Eastlands, usiku wa 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka baada ya mvua kubwa, na takriban watu 50 wakafa.

Kwa nyumba ya ghorofa, tafuta mhandisi asiye wa mkandarasi, akague nondo kabla ya kila zege. Mlipe mwenyewe, na simu yake ya kwanza iwe kwako.