Kusoma Gombo Lisilofunguka

Akiolojia ni elimu ya kufukua. Walakini, ziko athari za kale ambazo kuzifunua ni kuziangamiza. Mfano bora ni gombo la ngozi lililopatikana mwaka 1970 katika magofu ya sinagogi la En-Gedi, magharibi ya Bahari ya Chumvi. Sinagogi hilo liliteketea yapata miaka 1,400 iliyopita, na gombo likageuka kipande cha kaa. Kila lilipoguswa lilimomonyoka. Hivyo lilihifadhiwa kwa zaidi ya miaka 40 bila kusomwa hata herufi moja.

Njia iliyolisoma yaweza kuelezwa kwa hatua tatu. Kwanza, gombo lilipigwa picha za eksirei kutoka pande zote, na kompyuta ikaziunganisha kuwa umbo moja, la nje na la ndani. Pili, W. Brent Seales na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walitenga kila tabaka la ngozi katika umbo hilo, wakaonyesha penye wino, kwani wino ulikuwa mzito kuliko ngozi. Tatu, matabaka hayo yalikunjuliwa na kunyooshwa ndani ya kompyuta, kama mkeka utandikwavyo. Gombo lenyewe halikufunguliwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: safu mbili za Kiebrania, zenye maneno ya sura mbili za kwanza za Mambo ya Walawi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mashine ndiyo iliyosoma. Ilichotoa ni maumbo ya herufi tu. Maandishi hayo ni ya konsonanti tupu. Irabu hutiwa na msomaji aijuaye lugha, na mistari iliyokatika hujazwa na aijuaye matini. Jambo hili si geni kwa mtafiti wa miswada ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, ambamo alama moja huweza kusimama kwa /e/ au /i/. Wataalamu wa Kiebrania ndio waliolinganisha na kuonyesha kwamba konsonanti za gombo ni zile zile za matini ya Kimasora, iliyokuja kuenea katika enzi za kati.

Basi, chombo kimelirefusha jicho la mtafiti, lakini hakikuchukua nafasi ya elimu yake. Pasipo mjuzi wa lugha, picha hiyo ingebaki bubu kama lile kaa.