Pima Sebule Kabla ya Kununua Samaki

Kazi yangu hasa ni madirisha. Huku Mkolani, kandokando ya barabara ya Shinyanga, nyumba mpya zinazidi kuchomoza katikati ya mawe, na kila mwenye nyumba anataka aluminiamu na vioo. Matangi ya samaki ni kazi ya pembeni. Ila ndiyo yenye maneno mengi: mwenye dirisha nikishamfungia hanitafuti tena, mwenye tangi hunipigia hata saa nne usiku kuuliza kwa nini maji yamegeuka kijani.

Wengi wanataka kitu kimoja: tangi lenye mimea hai, na ndani yake samaki wa aina tatu nne wasiogombana. Wanakuja na kipimo tayari kichwani, futi mbili kwa moja, "nianze na kadogo kwanza, fundi." Hapo ndipo tunapobishana. Ukubwa wa tangi ndio unaoamua ununue vifaa gani, ulipe umeme kiasi gani na ulale usingizi kiasi gani, na tangi dogo ndilo gumu kuliko yote.

Samaki akila hujisaidia, na uchafu wake pamoja na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye mchanga na kwenye sponji ya chujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu, kisha kuwa naitreti, ambayo mimea huifyonza kama mbolea. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Sasa chukua tangi la lita 40. Samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe asubuhi ukiwa kazini mjini, jioni wenzake wanahema juu ya maji. Katika lita 140 maji yanavumilia mpaka urudi umtoe.

Kipimo ninachokishauri kwa sebule ya kawaida ni sentimita 90 kwa urefu, 45 kwa upana na 45 kwa kimo. Ukizidisha unapata lita 182, na ndizo utakazotajiwa dukani. Ukitoa unene wa kioo, mchanga wa chini na nafasi ya juu ili samaki wasiruke nje, maji yenyewe ni lita 140 hivi. Hesabu ya samaki na ya dawa ifanywe kwa hizo 140.

Wapo wanaotaka tangi refu kwenda juu, jembamba, kama yale ya hotelini. Sikatai kazi, ila huwaeleza kwanza. Kioo husukumwa na kimo cha maji, si wingi wake. Maji ya kimo cha sentimita 40 yanausukuma ubao wa mbele wa tangi la sentimita 90 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, mithili ya mtu mzima aliyeegemea hapo usiku na mchana. Kwa kimo hicho natumia kioo cha milimita 8, na juu naweka mikanda ya kioo inayoshika ubao wa mbele na wa nyuma. Ukipandisha kimo, unene unapanda na bei inapanda nao, wakati samaki hawapati faida yoyote: wao huogelea kwenda mbele na kurudi, na hewa huingia majini kupitia uso wa juu, ambao haukuongezeka hata kidogo. Mwanga nao huchoka kabla ya kufika chini kwenye mimea. Halafu kuna mkono wako. Usipofika mchangani bila kulowesha kwapa, kupanda mmea mmoja kutakuwa adhabu.

Silikoni ni jambo la kuuliza hata kama fundi wako ni ndugu yako. Ile ya bafuni ina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki. Inayofaa ni silikoni tupu ya vioo, ile inayonuka siki inapokauka. Tangi likishagandishwa liachwe wiki nzima, harufu iishe, ndipo lijazwe maji nje, kwenye sakafu iliyonyooka, lilale hivyo siku mbili. Mimi silitoi karakana bila jaribio hilo.

Na stendi ya TV haifai. Piga hesabu: maji kilo 140, mchanga kilo 37 hivi, vioo vyenyewe kilo 32, ongeza mawe. Umepita kilo 200, na zote zinakaa pale pale miaka yote. Meza ya chuma cha pembe nne au ya mbao ngumu, iliyopimwa kwa pima maji, na juu yake lile povu gumu linalofungashiwa televisheni ili kioo kisilalie kokoto iliyosahaulika. Nyumba zetu za mlimani zina sakafu imara. Tatizo huwa ni sakafu kuinama kidogo upande mmoja, na tangi halifichi jambo hilo. Mstari wa maji utakusuta kila ukikaa kwenye kochi.

Tuje kwenye vifaa. Vitabu na video nyingi za ufugaji huu zimetengenezwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana kifaa cha kwanza wanachokutajia ni hita. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai una ubaridi wake, lakini maji ya ndani ya nyumba hukaa kwenye nyuzi 23 hadi 27 karibu mwaka mzima, na samaki wengi wa maduka wanazimudu. Hita ya wati 150 ikiwaka saa kumi kwa siku inakula uniti 45 kwa mwezi. Kwa mwenye nyumba aliye kwenye kundi la LUKU la uniti 75, hiyo ni zaidi ya nusu ya umeme wake, kwa kazi ambayo hali ya hewa inaifanya bure.

Pesa hiyo iende kwenye taa. Mimea isiyo na mwanga huoza, ikioza inalisha mwani, na ndipo simu za saa nne usiku zinapoanza. Huhitaji taa yenye jina la kampuni ya akwariamu. Tyubu tatu za LED za futi mbili, wati 9 kila moja, zilizoandikwa 6500K kwenye boksi, zinatosha mimea migumu katika tangi la sentimita 90. Ziwake saa nane kwa siku, kwa taima, si kwa kumbukumbu ya watoto. Jumla ni kama uniti sita na nusu kwa mwezi. Tangi lisikae mkabala na dirisha la magharibi; jua letu la jioni hufuga mwani kuliko kitu chochote. Habari ya mitungi ya hewa ya ukaa iache kwanza. Mimea ninayoitaja hapa haiihitaji.

Kuhusu chujio nina msimamo ambao wauzaji hawaupendi. Yapo machujio mazuri ya mtungi yanayokaa chini ya meza, kimya, yenye nguvu. Lakini umeme ukikatika kwa saa kadhaa, maji yaliyofungiwa ndani ya mtungi yanaishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi uchafu wao unasukumwa kwa samaki. Sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa iko wazi ndani ya tangi. Umeme ukikatika, bakteria wake bado wanazungukwa na maji yaleyale ya samaki. Pampu inakula wati tatu hadi tano tu, na zipo ndogo za kuchomeka kwenye pawabenki. Hofu yako kubwa iwe ni kukatika kwa umeme usiku, maana gizani mimea nayo huvuta oksijeni badala ya kuitoa. Weka sponji mbili badala ya moja. Ukisafisha, safisha moja, tena kwa maji ya tangi lenyewe.

Maji ya bomba ya MWAUWASA yana klorini, ambayo ni heri kwa matumbo yetu na shari kwa samaki. Yakilala siku moja au mbili kwenye ndoo iliyo wazi, klorini huruka. Mwenye simtanki hupata maji yaliyokwisha kulala, ila asichote siku lilipojazwa.

Mchanga tunao, na ni wa kujivunia. Mawe ya Mwanza ni matale, na mchanga wake hauyeyushi kitu majini. Ule wa ufukweni mara nyingine huchanganyika na makombe ya konokono, yanayofanya maji kuwa magumu. Dondoshea siki au ndimu. Ukitoa mapovu, uache. Chini ya mchanga unaweza kutandaza udongo wa shamba usiotiwa samadi wala mbolea, unene wa vidole viwili, ndio uwe mbolea ya mimea. Mmarekani Diana Walstad aliueneza mtindo huo kwa kitabu chake cha 1999, na kwa mfuko wa Mtanzania sijaona mtindo bora zaidi.

Mimea ndiyo inayowaponza watu wa huku, kwa sababu ziwa liko karibu mno. Mtu anashuka Luchelele, anang'oa majani, anayatia tangini na tope lake. Kwenye majani hayo kuna konokono, na baadhi ya konokono wa ziwa hili ndio wanaobeba kichocho. Mmoja aliyeambukizwa anaweza kuendelea kutoa vijidudu majini kwa wiki nyingi, ndani ya sebule yako, na wewe unatumbukiza mkono kila Jumamosi. Chukua vipandikizi kwa mfugaji mwenzako ambaye tangi lake halijawahi kuingiza kitu cha ziwani. Anza na valisneria, yenye majani marefu kama utepe. Ongeza Ceratophyllum, isiyo na mizizi, inayoelea na kunyonya uchafu upesi, na anubiasi kutoka misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, ambayo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe na haijali mwanga hafifu. Magugu maji hapana, hata kama ua lake ni zuri. Ziwa limehangaika nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Tukifika kwa samaki, mwalimu mmoja mstaafu wa hapa mtaani alinibana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Fundi, hebu niambie, nina ziwa pale chini, kwa nini ninunue samaki wa Amerika Kusini walioletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam?"

Swali ni zuri, na alikuwa na samaki wake kichwani: furu. Yupo furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Haplochromis nyererei, ambaye siku hizi wataalamu wengi humwita Pundamilia nyererei. Els Witte-Maas na Frans Witte, Waholanzi waliokuwa wakifanya utafiti katika Ghuba ya Mwanza, walimwandika mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka urais. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi; ukimwona juani hutaamini ametoka kwenye maji haya. Furu walikuwa mamia ya aina kabla sangara hajatapakaa miaka ya 1980 na kuwamaliza wengi. Waliobaki wana adui mwingine, maji machafu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike huchagua dume kwa rangi, na maji yakitiwa ukungu anashindwa kutofautisha, aina zikachanganyika. Walipowajaribu maabara chini ya taa ya rangi ya chungwa iliyoficha wekundu na ubuluu, majike walipoteza uchaguzi wao. Kwa hiyo hata kwa furu taa nyeupe ndiyo taa.

Lakini nilimwambia mwalimu ukweli: furu hawafai tangi la mchanganyiko. Dume hushika eneo, huchimba mchanga, hung'oa valisneria, na mwenzake mnyonge hana pa kukimbilia. Ukiwataka, jenga tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50, aina moja tu, mawe mengi, majike wengi kwa madume wachache, mimea iwe anubiasi iliyofungwa kwenye mawe. Ukichanganya aina mbili za furu watazaa machotara. Na kabla ya kuwatoa ziwani, pita ofisi ya uvuvi uulize utaratibu. Sato usimfikirie kabisa. Kifaranga anapendeza, kisha anafika kilo na kula bustani yako yote.

Mwalimu alichagua tangi la 90. Kwa lita 140 nilimshauri gapi madume kumi, maana ukiweka na majike utagawa vifaranga mtaa mzima, plati sita, na kambale wadogo wa Amerika Kusini, wale korido wa kuchakura mchangani, sita au wanane kwa kuwa hawapendi upweke. Hapo mchanga uwe laini. Kokoto za kupondwa huwakata sharubu. Wasiingie wote siku moja. Aanze na plati, wiki mbili baadaye gapi, korido mwisho.

Hela yake haikutosha kwa vyote mara moja, kama ilivyo kwa wengi. Tulikubaliana tangi na meza mwezi ule, taa, mchanga na mimea mwezi uliofuata, samaki mwezi wa tatu na wa nne. Mimea ilipokwisha kushika, akawa anatupia chembe za chakula kila baada ya siku mbili, tangi likiwa halina samaki, bakteria wapate cha kula. Mkewe alimwona anayalisha majani akanipigia simu kuniuliza kama mzee yuko sawa.