Kabla ya kutoboa sailensa ya chensoo, piga hesabu

Kwa mpasua mbao wa Mufindi au Njombe, chensoo iliyopungua nguvu ni hasara. Ushauri wa haraka huwa ni kutoboa sailensa ili moshi utoke kwa urahisi. Ni kweli, injini hupumua vizuri na nguvu huongezeka. Lakini nguvu hiyo ina gharama.

Hewa ikizidi na kabureta isirekebishwe kuongeza mafuta, injini hupata joto kali na pistoni hukwaruzika, kwani oili ya kulainisha huja na petroli hiyo hiyo. Ukiirekebisha, petroli italiwa zaidi. Kelele nazo huumiza masikio, na wavu wa kuzuia cheche ukiondolewa, shamba la miti linaweza kuungua wakati wa kiangazi.

Anza na yaliyo rahisi. Injini ikishapoa, ondoa masizi kwenye wavu wa sailensa, safisha chujio la hewa na unoe mnyororo. Mara nyingi nguvu hurudi bila gharama kubwa.

Bado unataka kutoboa? Linganisha kwanza mbao utakazoongeza kwa siku na bei ya pistoni mpya.