Majivu, Ndimu na Katani: Kemia ya Usafi wa Nyumbani

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni huuacha Mto Pangani nyuma yake, na muda si mrefu huingia katika nchi ambayo maji yake huhesabiwa kwa ndoo. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, na malambo hupungua na kuchafuka kiangazi kinapozidi. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 ulianzishwa mradi mkubwa wa kuyasukuma maji ya Pangani kwa mitambo na mabomba hadi Handeni.

Mahali kama hapo kufua nguo si jambo jepesi. Kipande cha sabuni husuguliwa mpaka kikaisha, na povu lisionekane. Sababu yake mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuieleza. Sabuni ya kipande ni chumvi ya sodiamu itokanayo na asidi za mafuta. Ikikutana na kalsiamu au magnesiamu iliyoyeyuka katika maji magumu, huungana nayo na kufanya utando mweupe usioyeyuka, ule ugandao ukingoni mwa beseni. Povu halitokei mpaka kalsiamu na magnesiamu zote ziwe zimekwisha kushikwa. Yaani mfuaji hutumia sehemu ya fedha yake kuyasafisha maji kabla ya kuisafisha nguo. Sabuni za unga hazisumbuliwi sana na jambo hili, lakini si kila nyumba huzinunua.

Mabibi zetu walikuwa na dawa yake, nayo imo jikoni. Majivu ya kuni yana potasiamu kaboneti. Yakikorogwa katika maji kisha yakaachwa yatuame, maji meupe yabakiayo juu huwa ni alikali. Ukiyamimina katika maji ya kisima, kaboneti huishika kalsiamu na kuizamisha chini ikiwa kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika ganda la yai. Chumvi ya kawaida, ile ya kutia mchuzini, haiondoki kwa njia hii; atakayeyaonja maji hayo atayakuta na chumvi yake kama kwanza.

Alikali hiyo hiyo ndiyo iondoayo mafuta kwenye vyombo, kwani hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni papo hapo, huku chembe za majivu zikikwangua masizi. Lakini hapana budi kuangalia sufuria za alumini. Alikali huila alumini, kwa hiyo majivu mabichi yasiachwe juu ya sufuria usiku kucha. Ndimu hufanya kazi iliyo kinyume. Asidi sitriki iliyomo ndani yake huyeyusha ukoko wa chokaa ndani ya birika na kuondoa weusi wa alumini, ambavyo majivu hayaviwezi.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba ikiwa majivu yanafaa na ndimu inafaa, basi vyote viwili pamoja vitafaa zaidi. Mchanganyiko huchemka kwa vipovu vya kaboni dayoksaidi, nao hupendeza macho. Lakini asidi na alikali zimekwisha kuuana, na kinachobaki kina nguvu kidogo sana. Kitumike kimoja, kisuuzwe, ndipo kifuate cha pili.

Kosa kubwa zaidi ni kutia ndimu au siki katika dawa ya madoa yenye klorini. Hapo hutoka gesi ya klorini, ile iliyotumiwa vitani kule Ypres mwaka 1915, na chooni pasipo dirisha inaweza kumdhuru vibaya mtu.

Kwa kusugulia, Korogwe haihitaji kuagiza kitu. Mkonge, ulioletwa pwani ya Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, hutoa nyuzi ambazo ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wa jani. Shungi la nyuzi fupi hufanya brashi imara, isiyokwaruza alumini kama waya wa chuma. Nyuzi zioshwe vizuri kwanza, kwa maana utomvu wa mkonge huwasha ngozi.

Mimi sikubaliani na wasemao kwamba kila kitu cha asili ni salama. Utupa ni mmea wa asili, nao huua samaki mtoni. Maji makali ya majivu huchoma ngozi na yanaweza kupofusha jicho. Tena, kuondoa uchafu si sawa na kuua vijidudu: wakati wa kipindupindu, sabuni na klorini kama waelekezavyo maafisa wa afya visibadilishwe kwa majivu.

Mwalimu anaweza kulijaribu jambo la maji darasani bila maabara. Chukua chupa tatu zilizo sawa: moja ya maji ya mvua, moja ya maji ya kisima, na ya tatu ya maji ya kisima yaliyotiwa maji ya majivu, yakatuama na kuchujwa kwa kitambaa cha pamba. Kwangua sabuni, uiyeyushe katika maji ya mvua, kisha idondoshe tone kwa tone katika kila chupa, ukiitikisa, mpaka povu lidumu dakika moja. Wanafunzi waandike idadi ya matone ya kila chupa, halafu wapige hesabu ya vipande vya sabuni ambavyo nyumba zao hupoteza kwa mwaka.